Ø, ± na m²: jinsi ya kuweka alama za hesabu na grafu kwenye mchoro wa kompyuta bila kupotea njiani

Fundi yuko saiti, simu mkononi, PDF ya slabu imefunguka. Anasoma "?12@200". Kwenye kompyuta ya mchoraji paliandikwa "Ø12@200", maana yake nondo za kipenyo cha milimita 12, zikipangwa kila baada ya milimita 200.

Sasa chukulia mtu wa pili kaona kile kiulizo ni uchafu, akakifuta alipokuwa anaandika upya maelezo. Kinachobaki ni "12@200". Hiyo ni nondo 12, au nondo ya milimita 12? Mzoefu atajua. Asiyejua atahesabu nondo 12 na kufunga zile zilizopo stoo.

Kama zilizopo ni za milimita 10, hesabu inakuwa mbaya. Eneo la chuma kwenye nondo ya milimita 12 ni kama milimita za mraba 113. La nondo ya milimita 10 ni kama 79. Kila nondo imepungukiwa chuma kwa karibu asilimia 31, na hakuna mhandisi aliyebadilisha chochote. Kilichopotea ni alama moja tu.

Hapo ndipo somo la makala hii lilipo. Alama ikiharibika ikaonekana imeharibika, mtu atauliza. Hatari zaidi ni alama inayopotea kimyakimya, halafu namba iliyobaki bado inasomeka kama namba ya kweli.

Hii hapa njia ya kuweka alama za hesabu, vipeo, majedwali na grafu kwenye AutoCAD na programu zinazofanana nayo, ili kilichoandikwa ofisini ndicho kisomwe saiti.

Alama moja ilivyogharimu chombo cha anga

Tarehe 22 Julai 1962, Marekani ilirusha chombo cha Mariner 1 kwenda sayari ya Zuhura. Roketi ilianza kuyumba, na ofisa wa usalama akaamuru ilipuliwe kabla ya dakika 5 kutimia.

Uchunguzi uligusa maelekezo ya kompyuta ya kuongoza roketi: kuna alama ndogo ilirukwa. Wengine huitaja kama kistari, wengine huieleza kama mstari unaokaa juu ya herufi kwenye mlinganyo. Mstari wa aina hiyo kwenye hesabu huonyesha kwamba thamani imelainishwa kwa kuchukua wastani. Ukiuondoa, herufi inabaki, mlinganyo unaendelea kusomeka, ila maana imebadilika.

Mwezi mmoja baadaye Mariner 2 ikarushwa, na Desemba 1962 ikapita karibu na Zuhura salama.

Mchoro wa nyumba ya vyumba vitatu si roketi, lakini kosa ni lilelile.

Kwa nini alama inageuka kiulizo?

Jibu fupi: fonti.

AutoCAD, iliyotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1982, inatumia aina mbili za fonti. Ya kwanza ni SHX, fonti zake za tangu zamani zinazochora herufi kwa mistari myembamba. Ya pili ni TrueType, hizi za kawaida za Windows kama Arial.

Fonti za SHX hazifanani. Moja ina alama unayoitaka, nyingine haina. Isipokuwa nayo, AutoCAD huonyesha kiulizo. Kwenye fonti za TrueType, mara nyingi unaona kiboksi kitupu.

Kitu muhimu ambacho wengi hawakijui: kiulizo hicho mara nyingi kiko kwenye kioo tu. Ndani ya faili alama bado ipo salama. Ndiyo maana ukiona kiulizo usikimbilie kukifuta. Andika amri ya STYLE, badilisha fonti ya maandishi hayo, kisha angalia tena. Mara nyingi alama inarudi yenyewe.

Tatizo lingine ni kuhama kompyuta. Ukitumia fonti uliyoishusha mtandaoni, ukamtumia mwenzako DWG peke yake, kompyuta yake isiyo na fonti hiyo itaweka nyingine badala yake. Hapo chochote kinaweza kutokea.

Alama tatu za haraka

Kuna alama tatu ambazo AutoCAD imezipa njia ya mkato, na ndizo salama kuliko zote kwa sababu programu yenyewe inazitambua:

- Andika %%c upate Ø, alama ya kipenyo.
- Andika %%d upate °, alama ya nyuzi.
- Andika %%p upate ±, yaani jumlisha au toa.

Mfano, ukiandika %%c12@200 unapata Ø12@200. Ukiandika 50%%p2 unapata 50±2, yaani kipimo chochote kuanzia 48 hadi 52 kinakubalika. Hiyo ± ikipotea, fundi wa karakana hajui tena ameachiwa nafasi kiasi gani.

Kwenye maandishi ya mstari mmoja, yaani amri ya TEXT, kuna mbili za ziada. %%u huweka mstari chini ya maandishi, na %%o huweka mstari juu. Ule mstari wa juu wa Mariner unaandikwa hivyohivyo.

Alama nyingine: tumia namba ya Unikodi

Unikodi ni orodha ya dunia nzima inayoipa kila herufi na kila alama namba yake. AutoCAD inazipokea namba hizo ukianza na \U+ kisha namba yenyewe. Zinazotumika sana ni hizi:

- \U+00B2 ni ², ya mraba.
- \U+00B3 ni ³, ya ujazo.
- \U+2248 ni ≈, yaani karibu sawa na.
- \U+2260 ni ≠, yaani si sawa na.
- \U+2220 ni ∠, alama ya pembe.
- \U+0394 ni Δ, yaani delta, ya mabadiliko au tofauti.
- \U+2126 ni Ω, ya ohm kwa watu wa umeme.
- \U+2082 ni ₂, namba ndogo ya chini.

Kama hutaki kukariri, tumia MTEXT. Ukishafungua kisanduku cha kuandikia, bonyeza alama ya @ kwenye menyu ya juu. Orodha ya alama itashuka, unachagua tu. Mwishoni mwa orodha kuna njia ya kufungua jedwali la herufi zote za Windows.

Mwenye kibodi yenye namba za pembeni ana njia nyingine. Shikilia Alt, kisha piga 0178 upate ², 0179 upate ³, 0177 upate ±, 0176 upate °, na 0216 upate Ø. Hii inafanya kazi hata kwenye Excel na Word za Windows.

Angalizo dogo: kuna alama zinazofanana kwa macho lakini si moja. Alama ya kipenyo, alama ya seti tupu na herufi Ø ya lugha ya Kidenmaki zina namba tatu tofauti. Kwenye karatasi huoni tofauti. Ila ukitafuta neno ndani ya PDF, ukiandika moja hutaipata nyingine. Chagua moja, itumie mradi mzima.

Vipeo: hapa ndipo 4000 inageuka 412

Angalia namba hii: 4×10³. Thamani yake ni 4000.

Sasa ikopi kutoka Word kwa namna inayoacha mapambo ya maandishi nyuma, kisha ipesti kwenye mchoro. Kama ile 3 ilipandishwa juu kwa kitufe cha Word, inashuka. Unapata 4×103, ambayo ni 412. Hakuna kiulizo, hakuna kiboksi. Ni namba safi kabisa, ila si yenyewe.

AutoCAD nayo ina njia yake ya kupandisha. Ndani ya MTEXT andika 10 kisha 3^, chagua 3^ peke yake, bonyeza kulia na uchague kupanga juu na chini. Ile 3 inapanda. Ukigeuza ukaandika ^3, inashuka chini.

Njia hiyohiyo inatengeneza sehemu. Ukiandika 1/2 ukaipanga, unapata moja juu ya mbili na mstari katikati. Alama ya # inatoa mstari wa mshazari. Alama ya ^ haiweki mstari kabisa, na ndiyo inayotumika kwa vipimo vyenye mipaka miwili tofauti, kama +0.02 juu na -0.01 chini yake.

Lakini kwa ² na ³ ushauri ni mmoja: tumia alama yenyewe ya Unikodi badala ya kupandisha. Alama ni herufi kamili, inasafiri na maandishi yake popote, hata WhatsApp. Kupandisha ni pambo tu, na pambo huvuliwa njiani.

Ukubwa nao ni shida

Maandishi ya milimita 2.5 kwenye karatasi ni ya kawaida kwa michoro. Namba iliyopandishwa, kwa mpangilio unaokuja na AutoCAD, inakuwa asilimia 70 ya hapo. Yaani milimita 1.75.

Mchoro uliandaliwa kwa karatasi ya A1. Saiti wakauprinti kwa A3 kwa sababu ndiyo printa iliyopo. Kutoka A1 hadi A3 kila urefu unakatwa nusu. Kipeo chako sasa kina urefu wa milimita 0.875, hakifiki hata milimita moja. Ongeza vumbi na fotokopi ya fotokopi, basi hakuna kipeo tena.

Kama unajua mchoro utaprintiwa A3, andika maandishi yenye vipeo kwa milimita 3.5 au 5.

Kwa watu wa mitambo

Michoro ya vyuma vya mashine ina familia yake ya alama: za unyoofu, ubapa, uduara, mahali pa tundu na kadhalika. AutoCAD inazileta kwa amri ya TOLERANCE. Kinafunguka kisanduku cha kujaza, kisha kinachorwa kiboksi chenye vyumba: alama, kipimo, na herufi ya uso wa kupimia.

Utaratibu wake umeandikwa kwenye viwango vya ISO 1101 na ASME Y14.5. Toleo la 2018 la ASME liliondoa alama mbili za zamani, zikabaki 12. Kwa hiyo ukipewa mchoro, angalia kwanza unafuata kiwango gani na cha mwaka gani.

Hapa pia Ø ina uzito. Kwenye kiboksi cha mahali pa tundu, Ø0.1 inamaanisha kitovu cha tundu kikae ndani ya duara la kipenyo cha milimita 0.1. Ukiandika 0.1 bila Ø, maana inakuwa nafasi kati ya mistari miwili iliyoachana kwa 0.1. Tundu lilelile linaweza kupita ukaguzi mmoja na kukataliwa kwenye mwingine.

Mlinganyo mrefu uwekwe wapi?

AutoCAD haina sehemu ya kuandikia milinganyo kama ile ya Word. Kipeuo cha pili chenye sehemu ndani yake, au alama ya jumla yenye mipaka juu na chini, huwezi kuiandika vizuri kwa MTEXT.

Zipo njia mbili za kawaida. Unaweza kuandika mlinganyo kwenye Word, ukauhifadhi kama PDF, kisha ukauambatisha kwa amri ya PDFATTACH. Au unaufanya picha na kuuleta kwa IMAGEATTACH. Zote zinafanya kazi, ila kumbuka kwamba faili hiyo inakaa nje ya mchoro. Ukimtumia mtu DWG peke yake, atakuta fremu tupu na jina la faili.

Njia ya tatu ni ya busara zaidi: usiuweke kabisa. Mchoro unabeba jibu, ripoti ya mahesabu inabeba njia. Fundi hahitaji kuona jinsi unene wa slabu ulivyopatikana. Anahitaji kuona unene.

Majedwali yanayojihesabia

Kabla ya grafu kuna jedwali, na jedwali la AutoCAD si mistari mitupu. Ukitumia amri ya TABLE unaweza kuandika ndani ya chumba =Sum(B2:B9) kama Excel, likajumlisha lenyewe.

Unaweza pia kuandika eneo la chumba cha nyumba bila kulipiga kwa mkono. Tumia amri ya FIELD, chagua umbo lililofungwa, kisha chagua eneo. Ukibadilisha ukuta, namba inafuata mara mchoro unapohuishwa kwa REGEN.

Mtego uko kwenye vipimo. Ukichora kwa milimita, chumba cha mita 12 kwa 15 kitaandikwa 180000000, kwa sababu hizo ni milimita za mraba. Kwenye mipangilio ya FIELD weka kizidisho cha 0.000001 na ongeza m² mwishoni. Sasa inasomeka 180 m². Ukiongeza m² ukasahau kizidisho, umetengeneza chumba kikubwa kisichowezekana.

Kama jedwali liko Excel, amri ya DATALINK inaliunganisha na mchoro. Excel ikibadilika, jedwali linaweza kuhuishwa bila kuandikwa upya.

Grafu: njia tatu, na kila moja ina bei yake

Grafu kwenye mchoro si urembo. Barabara ina mchoro wa miinuko na mabonde yake. Ripoti ya udongo ina mkunjo wa ukubwa wa chembe. Pampu ina mkunjo wa nguvu yake. Msomaji anapima juu yake.

*Njia ya kwanza: kuibandika kutoka Excel.* Ikopi grafu, rudi AutoCAD, andika PASTESPEC. Utapewa uchaguzi wa kuibandika tu au kuiunganisha na faili la Excel. Ni ya haraka, ndiyo inayopendwa. Ubaya wake: kitu kilichobandikwa hivi hakizungushiki, ukihamisha faili la Excel muunganiko unakatika, na programu nyingi za kufungulia DWG kwenye simu hazikionyeshi.

*Njia ya pili: kupitia PDF.* Hifadhi grafu kama PDF, kisha tumia PDFIMPORT, amri iliyoingia AutoCAD ya 2017. Inageuza mistari ya PDF kuwa mistari halisi ya mchoro. Grafu inakuwa sehemu ya DWG, haitegemei kitu cha nje. Ila kagua skeli na maandishi yake, kwa sababu fonti zinaweza kubadilika.

*Njia ya tatu: kuichora kwa namba zake.* Inachukua muda kidogo lakini ndiyo inayodumu. Excel inakuandalia, AutoCAD inachora.

Chukua mfano wa barabara. Safu ya A ina umbali kwa mita: 0, 20, 40, 60. Safu ya B ina kimo kutoka usawa wa bahari: 1182.4, 1182.9, 1183.1, 1182.2. Tofauti ya vimo ni ndogo sana kuliko umbali, hivyo ukichora ilivyo utaona mstari ulionyooka tu. Wahandisi huvuta wima mara 10 ili mabadiliko yaonekane.

Kwenye safu ya C andika:

=A2&","&ROUND((B2-1180)*10,2)

Hapo 1180 ni kimo cha kuanzia, na 10 ni mara ya kuvuta. Ile ROUND inazuia mikia mirefu ya desimali. Matokeo yanakuwa 0,24 kisha 20,29 kisha 40,31 kisha 60,22.

Ikopi safu ya C. Nenda AutoCAD, zima F3 ili mstari usinase kwenye vitu vya jirani, zima F12 pia, andika PLINE, bonyeza Enter, kisha pesti kwenye mstari wa amri. Mstari unajichora wenyewe kutoka mwanzo wa mhimili. Ukitaka uanzie mahali pengine, uhamishe baadaye kwa MOVE.

Sasa sehemu ambayo ikisahaulika inaleta balaa: andika vimo vya kweli kwenye mhimili wa wima, yaani 1180, 1181, 1182, na weka maelezo ya skeli zote mbili, mfano "mlalo 1:1000, wima 1:100". Mtu akipima mteremko kwenye mchoro huo bila kujua umevutwa, ataona mlima mkali mara 10 kuliko ulivyo. Namba atakayoipata itakuwa safi, na itakuwa si kweli.

Kwa grafu ya chembe za udongo, mhimili wa mlalo unahesabiwa kwa logi. Badala ya A2 weka LOG10(A2)*50. Hapo kutoka chembe ya milimita 0.1 hadi 1 ni hatua ya 50, na kutoka 1 hadi 10 ni 50 nyingine.

Huna leseni ya AutoCAD?

Zipo programu za bure, na ni za halali. FreeCAD, iliyofikisha toleo la 1.0 Novemba 2024, ina sehemu ya TechDraw ya kutengeneza karatasi za michoro. Inapokea alama na grafu zilizohifadhiwa kama SVG, na inaweza kuonyesha jedwali la ndani ya programu kwenye karatasi ya mchoro. Ukishazoea, mlinganyo uliotengenezwa kwa LaTeX na kugeuzwa SVG unaingia vizuri.

LibreCAD ni ya michoro ya bapa, nyepesi, inafaa kompyuta ya zamani. Kazi zake hukaa zaidi kwenye faili za DXF. Ukimpelekea mwenye AutoCAD, mwombe akutumie picha ya anachokiona upande wake.

Kabla hujatuma: kagua haya

1. Toa PDF, usitume DWG peke yake. Ndani ya PDF alama zinabaki kama ulivyoziona wakati wa kutoa, kwa sababu fonti zimebebwa humo au zimegeuzwa mistari.

2. Fungua PDF hiyo kwenye simu isiyo na AutoCAD. Vuta karibu kila penye Ø, ±, ° na vipeo.

3. Ukilazimika kutuma DWG, tumia ETRANSMIT. Inakusanya mchoro na faili zake za nje kwenye furushi moja, na kuna sehemu ya kuchagua fonti ziingie pia.

4. Kwenye WhatsApp tuma kama hati, si kama picha. Picha hubanwa, na kinachofutika kwanza ni kile kidogo: kipeo, nukta ya desimali, alama ya kutoa.

5. Printi kurasa mbili kwa A3 uone kama vipeo vinasomeka bila miwani.

6. Weka ufunguo wa alama pembeni mwa mchoro: Ø ni kipenyo kwa milimita, vimo ni kwa mita, na kadhalika.

Herufi inapoishinda alama

Kuna jambo moja ambalo wachoraji wa zege wa Tanzania na Kenya wanalijua bila kufundishwa na kompyuta. Michoro mingi huku inafuata utaratibu uliotoka Uingereza, ambao hauandiki Ø kwa nondo. Unaandika herufi: R kwa chuma laini cha duara, T, Y au H kwa chuma kigumu. Hivyo Y12 ni nondo ngumu ya milimita 12.

Herufi Y ipo kwenye kila fonti. Ipo kwenye kila simu. Haigeuki kiulizo, haihitaji Unikodi, na fundi anaweza kuitamka kwenye simu: "wai kumi na mbili". Pia inabeba habari mbili kwa mpigo, aina ya chuma na kwamba namba inayofuata ni kipenyo.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta alama, jiulize kama kuna herufi au neno linalofanya kazi hiyo. "Kipenyo 12" ni ndefu kuliko Ø12, lakini haijawahi kugeuka "?12".

Penye ulazima wa alama, iweke kwa njia inayosafiri, kisha ifuate hadi mwisho wa safari yake. Mchoro haujakamilika unapoufunga kwenye kompyuta. Unakamilika mtu wa mwisho anapousoma, amesimama juani, na nondo mkononi.